Mpangaji Hapigi Msumari Ukutani

Jumatatu moja ya Januari 2016 niliwasha kompyuta ya ofisi ikanijibu kwa sentensi moja: leseni imekwisha, wasiliana na muuzaji. Nikabonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Sentensi ilikuwa palepale.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa data kwa shirika dogo la Eastlands lililokuwa likiwalipia watoto karo ya sekondari. Mfadhili wa ng'ambo alikuwa ametununulia programu ya kuweka rekodi miaka mitatu kabla yangu kufika. Alilipa, akapiga picha na watoto, akarudi kwao. Kile hakuna mtu aliwahi kutuambia ni kwamba hatukuwa tumenunua kitu. Tulikuwa tumepanga, venye mtu hupanga keja, na sasa landilodi alikuwa amekuja na kufuli.

Nilimpigia simu muuzaji. Akanitajia ada ya mwaka. Ilikuwa zaidi ya kodi ya ofisi yetu ya miezi minne. Nikamwambia sawa, hatuna hizo pesa, basi tupeni tu majina yetu tuende. Akanieleza, kwa upole hata, kwamba majina yako kwa faili, na faili haifunguki bila programu, na programu haifunguki bila leseni.

Kwa hivyo tukarudi kwa karatasi. Wiki tatu nzima mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunachapa upya majina kutoka kwa fomu zilizokuwa stoo. Fomu za mwaka mmoja zilikuwa zimenyeshewa, zikashikana kama chapati za jana. Rekodi za benki zilituonyesha kwamba muhula uliopita tulilipia wanafunzi 214. Orodha yetu mpya ilikuwa na 203. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamepotea, na tulijua wamepotea, na hatukujua ni akina nani.

Mmoja tulimjua siku mamake alipokuja. Msichana alikuwa kidato cha tatu na alikuwa amefukuzwa karo. Nikamwambia mama mtambo umekataa kufunguka.

“Jina la mtoto wangu liko ndani ya hiyo mashini?”

“Liko, mama.”

“Na nani aliliandika?”

“Ni mimi.”

“Sasa ukiliandika wewe, mbona huwezi kulitoa?”

Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani na hilo swali na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikilisoma, maana kumbe lina historia ndefu. Watu wameliuliza Boston, Eldoret, Cape Town na Munich. Na mashirika makubwa kuliko letu yamefungiwa nje usiku kama sisi.

*

Tuanze na jambo ambalo wengi hudhani ni kinyume. Huwa tunafikiri kwamba mwanzoni programu zote zilikuwa za kuuzwa, halafu wasee fulani wenye roho safi wakaja na wazo la kugawa. La. Mwanzoni zilikuwa zinagawanywa. Kilichokuja baadaye ni kufuli.

Mwaka wa 1955, kule California, watu waliotumia kompyuta ya IBM 704, wengi wao wakitoka kwa kampuni za ndege, waliunda kundi wakaliita SHARE. Lilikuwa chama, kwa maana ile ile ambayo shangazi zako wana chama. Kila kampuni ilikuwa inaandika programu zile zile za kukokotoa mambo yale yale, wakaona ni upuzi. Wakaanza kupeana. IBM haikujali, kwa sababu ilichouza ni mashine. Programu zilikuja nayo, kama vile sufuria huja na kifuniko. Ni mwaka wa 1969 ndipo IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza programu peke yake. Kuanzia hapo kifuniko kikawa na bei, na baada ya muda kikawa na siri.

Siri hiyo ndiyo ilimgonga Richard Stallman, aliyefanya kazi katika maabara ya akili bandia ya MIT karibu na Boston. Karibu mwaka wa 1980 maabara ilipewa printa mpya ya Xerox. Ile ya zamani ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara, lakini Stallman alikuwa ameibadilisha programu yake ili iwatumie watu ujumbe: printa imekwama, nendeni mkaishughulikie. Printa mpya nayo ilikuwa inakwama, lakini msimbo wake haukuja nayo. Alimtafuta mtu wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akamwomba. Yule akakataa. Alikuwa ametia sahihi mkataba wa kutomwonyesha mtu.

Ni kitu kidogo, printa. Lakini wazia: umekaa na mashine, unajua shida iko wapi, una ujuzi wa kuitatua, na mtu mwingine ambaye hata hayuko hapo amekukataza. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote angeweza kuuendesha, kuuchungulia, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka wa 1989 ikatoka leseni yake, GPL, ambayo inageuza sheria ya hakimiliki mgongo kwa tumbo. Inakuruhusu kufanya utakavyo na programu, ila ukiigawa, lazima anayepokea naye apate ruhusa hizo hizo. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo wa uendeshaji, kama mchezo tu. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Hicho ndicho Linux, na kama simu yako ni Android, basi unacho mfukoni saa hii.

Februari 1998, baada ya kampuni ya Netscape kutangaza kwamba itafungua msimbo wa kivinjari chake, kikundi kilikutana California kutafuta jina ambalo halingeogopesha mabosi. Christine Peterson ndiye aliyependekeza lile linalotumika sana leo kwa Kiingereza, lenye maana ya chanzo kilicho wazi. Shida ya jina la awali ilikuwa kwamba Kiingereza kina neno moja tu la kusema kitu hakina bei na kusema mtu hana minyororo. Stallman amekuwa akilieleza hilo maisha yake yote. Sisi angempata Mswahili yeyote pale stendi, angemaliza kazi kwa dakika moja: kuna bure, na kuna huru. Ni vitu viwili. Ndiyo maana tunasema programu huria.

*

Lakini hata sisi wenye maneno mawili huwa tunayachanganya.

Brother yangu mkubwa alikuwa wa kwanza kuniletea hii stori nyumbani. Ilikuwa bahasha iliyofika kwa posta kutoka Ulaya, ndani sidii kadhaa zenye picha ya watu wameshikana mikono. Ubuntu. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyekuwa ameuza kampuni yake ya Thawte mwaka wa 1999 na kisha kulipia safari ya kwenda anga za juu mwaka wa 2002, alianzisha mradi huo 2004. Ulijengwa juu ya Linux, na hadi 2011 ulikuwa ukituma sidii bila malipo kwa yeyote duniani aliyeomba. Jina tulilielewa bila kamusi. Ubuntu ni binamu wa utu.

Brother alizipeleka kwa saiba ya mtaa. Mwenye saiba akazigeuza mkononi, akauliza, “Hii ni pesa ngapi?” Akaambiwa ni bure. Akazirudisha. “Kitu ya bure, boss, ni bure tu.” Kompyuta zake zote kumi zilikuwa na programu iliyoibwa, iliyojaa virusi, na kwake hiyo ilikuwa afadhali, kwa sababu angalau ilikuwa na bei mahali.

Nilicheka hiyo siku. Baadaye nilipoketi kwa mikutano ya mashirika nikasikia mabosi wenye tai wakisema maneno yale yale kwa Kiingereza kizuri, nikaacha kucheka.

*

Sasa twende Eldoret, kwa sababu stori muhimu zaidi ya hii biashara yote kwa Kenya ilianzia karibu na huko, na ni watu wachache mtaani wanaijua.

Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilikuwa vimeshirikiana katika tiba tangu mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, waliweka mfumo wa kielektroniki wa rekodi za wagonjwa. Ulikuwa wa kompyuta mbili zilizounganishwa na programu ya Microsoft Access. Ni mfumo wa kawaida ambao hata duka la vipuri lingeweza kuwa nao. Lakini kwa kituo cha mashambani kilichozoea madaftari makubwa ya mistari, ilikuwa mapinduzi.

Mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa AMPATH wa kupambana na UKIMWI, na mfumo wa Mosoriot ukapanuliwa kuubeba. Hapo ndipo ukaanza kulemewa. Dawa za kupunguza makali zilikuwa zimeanza kupatikana, na wagonjwa walikuja kwa maelfu. Na mgonjwa wa UKIMWI si mgonjwa wa malaria unayemwona mara moja akaenda. Ni mtu utakayemfuata maisha yake yote: alikuja lini, anameza nini, CD4 zake zilikuwa ngapi, amekosa miadi, yuko wapi. Ukipoteza rekodi yake umempoteza yeye.

Mwanzoni mwa 2004 madaktari wawili wanaojua kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, walifika Eldoret kuangalia hali. Walikuja kukarabati. Walichoona kiliwafanya waamue kujenga upya. Na wakaamua jambo la pili, ambalo ndilo linanigusa: wasijengee Eldoret peke yake. Mwaka huo huo, kwenye kongamano la San Francisco, walikutana na Hamish Fraser wa Partners In Health, ambao tayari walikuwa na mfumo wao wa kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu Peru na walikuwa wakielekea kufanya kazi Rwanda. Shida ilikuwa moja. Wakaunganisha nguvu, baadaye wakaja na watafiti wa Afrika Kusini, na kitu kilichozaliwa kikaitwa OpenMRS.

Februari 2006 ulianza kutumika Eldoret. Agosti ukaanza Rwinkwavu, Rwanda. Kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefika Afrika Kusini.

Kuna jambo moja katika ujenzi wake ambalo ningependa ulielewe hata kama hujawahi kuandika mstari wa msimbo. Mfumo wa zamani ulikuwa kama fomu iliyochapishwa: ukitaka kuuliza swali jipya, lazima uchapishe fomu upya. Daktari akitaka kuanza kurekodi kipimo kipya, mtaalamu aitwe afungue matumbo ya mfumo. OpenMRS uliweka maswali yenyewe ndani ya kamusi. Kliniki inayotaka kuuliza kitu kipya inaongeza ingizo kwenye kamusi, na kazi inaendelea. Karani wa Eldoret na karani wa Rwinkwavu wanaweza kutumia programu ile ile kuuliza maswali tofauti kabisa.

Mpangaji hapigi msumari ukutani. Iko kwa mkataba wa kila keja niliyowahi kuishi: usipake rangi, usitoboe, usipige msumari. Mwenye nyumba anataka ukuta wake ubaki jinsi ulivyo. Kliniki ya Eldoret ilihitaji kupiga misumari kila wiki. Hiyo, kwangu, ndiyo sababu ya kweli ya shirika kutumia programu huria. Bei ni marupurupu tu.

Mwaka wa 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianza kusambaza KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya kliniki za Kenya, na leo iko katika mamia ya vituo. Inawezekana jina la mtu unayempenda limo humo.

*

Uamuzi wa kufungua milango ulikuwa unafanyika kwingine pia, na si hospitalini tu.

Uchaguzi wa Desemba 2007 unaukumbuka, au umesimuliwa. Matokeo yalitangazwa tarehe 30, nchi ikashika moto, na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, pamoja na wengine, walijibu. Siku chache baadaye tovuti ilikuwa hewani, na watu wangeweza kuituma taarifa kutoka walipo. Wakaiita Ushahidi. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika miezi ile, na ile ramani ilikuwa njia moja ya kukataa waliotokewa na hayo wasahaulike.

Wangeweza kuishia hapo. Badala yake waliijenga upya kama programu huria na kuiachilia. Januari 2010 tetemeko lilipoipiga Haiti, watu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi wa Boston, waliweka ramani ya Ushahidi hewani saa chache tu baadaye. Hawakuhitaji kuomba ruhusa Nairobi. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo: mtu aliyefukiwa Port-au-Prince alitafutwa kwa kifaa chenye jina la Kiswahili, na wengi waliokitumia hawakujua neno hilo maana yake ni nini.

Na kuna stori tulivu zaidi, ya DHIS2. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Afrika Kusini ilirithi mfumo wa afya uliokuwa umekatwakatwa kwa rangi na kwa maeneo, takwimu zake hazikutani. Kuanzia 1994 watafiti na watumishi wa afya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, walianza Cape Town kuunda namna ya kila wilaya kukusanya takwimu zake na kuzitumia yenyewe kabla ya kuzipeleka juu. Programu yao ya kwanza iligawanywa bure, lakini nayo iliendeshwa kwa Microsoft Access, sawa na ya Mosoriot. Ilikuwa nyumba yako kwa shamba la mtu. Toleo la pili, lililoanza kujengwa katikati ya miaka ya 2000, liliondoka kwenye shamba hilo. Septemba 2011 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha mfumo wa taifa wa takwimu za afya mtandaoni kabisa, kwa DHIS2. Kabla ya hapo wilaya zilikuwa zikijaza karatasi na majedwali ya Excel, kisha kuyatuma Nairobi.

*

Nikiishia hapo nitakuwa nimekuuzia kiwanja hewa. Programu huria ina madeni yake, na mashirika mengi hupenda kujifanya hayayaoni.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka wa 2003 kuhamisha kompyuta za serikali yake kutoka Windows kwenda Linux. Ilikuwa habari kubwa kiasi kwamba Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akaenda kuzungumza na meya. Hakufua dafu. Miaka kumi baadaye, 2013, jiji lilitangaza kazi imekamilika, karibu kompyuta 15,000. Halafu mwaka wa 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Watumishi walikuwa wamelalamika, hati kutoka nje zilikuwa zinafunguka vibaya, na viongozi walikuwa wamebadilika. Mwaka wa 2020, baada ya uchaguzi mwingine, muungano mpya uliafikiana kwamba programu huria ipewe kipaumbele inapowezekana. Ukijenga yako halafu siasa ikabadilika, hata nyumba ya mawe inaweza kubomolewa.

Deni la pili ni baya zaidi. Aprili 2014 dunia iligundua kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti: benki, barua pepe, maduka. Kila shirika kubwa lilikuwa limeitumia. Na nani alikuwa akiitunza? Kikundi kidogo, ambamo mtu mmoja tu, Stephen Henson, ndiye aliyekuwa akiifanya kama kazi ya kutwa. Michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Hizo ni kama kodi ya keja moja ya Kasarani, kutunza mlango wa mabenki ya dunia nzima. Baada ya aibu hiyo kampuni kubwa zilichanga pesa kupitia Linux Foundation. Lakini Desemba 2021 ikaja kasoro nyingine katika Log4j, na tena kukawa na watu wachache wa kujitolea wakirekebisha usiku, huku kampuni zenye mabilioni zikiwaandikia kuuliza watamaliza lini.

Chama cha SHARE cha 1955 kilikuwa na kanuni isiyohitaji kuandikwa: unakula, unachanga. Mashirika mengi ya leo ni yule jamaa wa chama anayefika siku ya kupokea tu.

*

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku tisini. KenyaEMR ilikuwa imejengwa na kutunzwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za Marekani kupitia PEPFAR. Katika wiki zilizofuata wahudumu wengi wa kliniki za UKIMWI nchini waliambiwa wabaki nyumbani, na Julai mosi USAID ikafungwa rasmi.

Nilikuwa nikisoma hizo habari nikakumbuka Jumatatu yangu ya 2016. Wakati huu msimbo ulikuwa wazi. Hakuna landilodi. Mtu yeyote angeweza kuupakua, kuusoma, kuutengeneza. Lakini msimbo hauwashi jenereta. Haulipi seva. Hauketi kwa kiti cha karani na kupiga simu kumuuliza mgonjwa mbona hajaja kuchukua dawa. Kufuli halikuwa kwa programu, lilikuwa kwa mshahara.

Kwa hivyo mtu akiniuliza leo kama shirika lake litumie programu huria, simwambii ni bure. Namwambia ni ploti. Ni yako, hakuna atakayekufukuza, piga msumari unavyotaka. Lakini paa likivuja ni wewe, na kama kila mwaka bajeti yako haina mstari wa fundi, basi bado uko kwa mikono ya mtu, hata kama hujui jina lake. Nairobi wako watu wanaoweza kuwa hao mafundi. Nawajua. Wengi wanaandika msimbo wa kampuni za ng'ambo usiku kwa sababu hakuna ofisi ya hapa iliyoweka huo mstari.

Na kabla ya yote hayo huwa nauliza swali moja tu: mkiamka kesho na huyu mfadhili hayuko, majina yatatoka vipi? Nionyesheni. Si kesho, sasa hivi. Mara nyingi ofisi inanyamaza, halafu kijana mmoja pale kona anavuta kompyuta yake na kuanza kujaribu.

Yule mama wa 2016 alirudi siku mbili baadaye. Alikuwa na mkebe wa Blue Band, ndani yake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko risiti zote za shule tangu kidato cha kwanza, zikiwa na mhuri wetu na jina la msichana, herufi moja ikiwa imekosewa na mimi mwenyewe. Alizipanga mezani moja moja kama karata. Msichana akarudi shule wiki hiyo, na akafanya KCSE yake mwaka uliofuata.

Wale wengine kumi, saba tuliwapata. Watatu sijui hadi leo. Majina yao bado yako kwa ile kompyuta, popote ilipo. Niliyaandika mwenyewe.